Kemshafti ya "nguvu huko juu" na mlima wa Shuka Wote

Wakuu, salamu kwa kila mmoja kwa nafasi yake. Wazee wa humu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Juzi kwenye jukwaa la pikipiki kuna mkuu aliuliza kama aagize camshaft ya performance kwa ajili ya pikipiki lake kubwa. Wadau wakamjibu harakaharaka kama kawaida yetu: "Agiza tu mkuu, inaongeza nguvu."

Nilisoma jibu hilo nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nikakiweka chini na sikukigusa tena.

Nimeona nifungue uzi wangu badala ya kwenda kuharibu wa mwenzangu. Haya ninayoyaandika sikusimuliwa, nilikuwepo, matope yake nimeyakanyaga. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mlima sijaubadilisha.

Wale wa "fupisha mkuu", huu haufupishiki. Kaeni, au piteni salama.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Siziogopi safari, nazichukia tu. Mke wangu husema nikishavuka geti naanza kuuliza tunarudi saa ngapi. Nilizaliwa hivyo, na hata ujana wangu ulikuwa hivyohivyo.

Enzi ninayoisema ni ile ya vijiji vya ujamaa, mwishoni mwishoni, mpaka wa Kenya ukiwa umefungwa na sabuni ikitafutwa kama almasi. Nilikuwa nimemaliza form four Musoma, na matokeo yangu yalikuwa ya kumfanya mtu apende kukaa nyumbani zaidi. Nikaenda kwa dada yangu Bhoke, kule Nyanungu. Kijiji kikanipa kazi ya kuuza duka la ushirika.

Kazi ilinifaa sana, kwa sababu duka halikuwa na bidhaa. Nilikuwa nalinda mizani.

Bhoke ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kuondoka. Alikuwa mwembamba, mrefu kidogo, ulimi wake mkali kuliko jembe lake. Mimi aliniita "Mwali", kwa vile nilikuwa nashinda ndani.

"Mwali, toka nje. Jua halina meno."

"Lina meno, dada. Jana limeniuma shingo."

"Haya kaa humo. Akija mchumba nitamwita."

Ndivyo tulivyoishi. Mumewe, shemeji yangu Marwa, alikuwa mtu wa ng'ombe, maneno machache, akicheka anaangalia pembeni kama anaiba.

Nyumba yao ya zamani ilikuwa upande wa Tarime, ambako kutoka kwao hadi hospitali unatembea tu, unafika. Ulipokuja uhamisho wa vijiji, wakateremshwa kwenye bonde linaloelekea Mto Mara. Maji yapo, malisho yapo, wimbi, yaani ulezi, linakubali. Ila sasa kati yetu na hospitali kukawa na mlima. Mlima wenyewe haukuhamishwa na mtu, ni sisi tuliowekwa upande wake mwingine.

Tuliuita Shuka Wote. Hata lori la ushirika lilipofika pale dereva alizima redio, akatoa kichwa dirishani, akasema "shuka wote", abiria wakapanda kwa miguu na lori likawafuata nyuma linalia kama ndama.

Kwa lugha yetu ya pale dunia ilikuwa na sehemu mbili tu, juu na chini. Mtu akikuuliza "umetoka juu?" anauliza kama umetoka Tarime. Akisema "chini mvua imenyesha" anasema kwetu bondeni. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza juu ya wapi.

Sasa, Bhoke alikuwa amezika watoto wawili.

Wote wawili walikufa wakati wa kuzaliwa. Wa kwanza alifika hospitali akiwa amechelewa. Wa pili hakufika kabisa, walikuwa wanasubiri lori. Nesi wa Tarime alimwambia nyonga yake ni nyembamba, mtoto wa tatu lazima azaliwe kwa kupasuliwa, na kama hatafika mapema atakayezikwa safari hiyo hatakuwa mtoto peke yake.

Bhoke alipopata mimba ya tatu, Marwa alitoa ng'ombe zizini, akaenda nao Machochwe, akarudi na pikipiki.

Kulikuwa na mzungu mmoja kule aliyekuwa akifuatilia wanyama upande wa hifadhi. Mkataba wake ukaisha, akawa anauza vyombo vyake. Marwa akachukua pikipiki la Kiingereza, silinda mbili, cc mia sita hamsini. Wakuu, wakati huo mwalimu mkuu alikuwa na baiskeli ya kuazima. Kijiji kizima kilisema Marwa amerogwa na wakwe zake. Wakwe zake ni sisi.

Mwenyekiti akamwuliza mbele za watu, "Marwa, hilo dude la nini?"

"La Bhoke."

"Bhoke atalima nalo?"

"Atapanda nalo mlima."

Shida ikaonekana mapema. Akiwa peke yake Marwa aliupanda Shuka Wote kwa kusuasua. Akibeba mtu mmoja nyuma, injini inakaba katikati. Akalipeleka Bomani, pale Tarime mjini, kwa fundi Shomari, mimi nikimfuata kwa miguu.

Shomari alikuwa na asili ya pwani, baba yake alikuja Tarime na biashara ya nguo akaoa hapohapo. Yeye alianza na cherehani, akaingia kwenye baiskeli, akaishia kwenye injini. Alifungua ile ya Marwa, akatoa kemshafti, akampa aishike.

Kwa wasiojua: kemshafti ni chuma chenye vinundu, kinazunguka na kufungua valvu ili injini ivute na kutoa hewa. Vinundu vikilika, injini inapumua nusunusu. Ni kama mtu apande mlima amefungwa kitambaa mdomoni.

Vinundu vya ile vilikuwa vimebaki kama sabuni ya mwisho wa mwezi.

"Hiki kimekwisha, ndugu yangu," Shomari akasema. "Na hapa hutapata. Wala Musoma, wala Mwanza. Kuna bwana mmoja Migori alikuwa anawatengenezea wazungu wa mashindano. Huyo anazo."

Migori ni Kenya. Na mpaka umefungwa.

Marwa akanigeukia. "Mwita, tutakwenda wote. Wewe umesoma."

"Shemeji, nilisoma jiografia."

"Vizuri. Utajua njia."

Sikuijua. Njia waliijua ng'ombe. Tulipita vichakani nyuma ya Sirari na dume moja la kulipia, Marwa mbele, dume katikati, mimi nyuma nikikanyaga kila lililoachwa na dume. Viatu vyangu vya shule, vya mwisho, vilifia safari ile. Nilimuuliza Marwa tunarudi lini kabla hata hatujavuka.

Yule bwana tukamkuta. Mjaluo mmoja anaitwa Odhiambo, mcheshi, karakana ya mabati, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Alilitazama lile dume kwanza, akalipiga kofi la mgongo, ndipo akatusalimia.

Akaleta kemshafti mbili, akaziweka juu ya gunia. Zote zinaingia kwenye injini ya Marwa. Moja ya kawaida, kama ile iliyotoka kiwandani. Nyingine ya mashindano, vinundu vyake virefu zaidi, inang'aa.

"Unataka ya aina gani, omera, ndugu yangu?"

"Ya nguvu," Marwa akasema.

"Zote ziko na nguvu. Swali ni wapi." Akainua ile ya kawaida. "Hii inavuta poa huku chini. Lakini huko juu inachoka." Akainua ile ya kung'aa. "Hii nayo, huku chini inalala lala kidogo, usishtuke. Lakini ngoja ifike huko juu. Inaamka kama imedungwa sindano!"

Marwa akaniangalia. Nikamwangalia. Wakuu, mtu wa Migori, hatujamweleza habari za mlima wetu hata neno moja, na hapohapo ametaja ugonjwa wetu wote.

"Hii ya kawaida inachoka juu?" Marwa akarudia.

"Juu haina kitu."

"Na hii?"

"Juu ndiyo kwao nyumbani."

"Sisi shida yetu ni juu," Marwa akasema.

Odhiambo akacheka, akampiga bega. "Kumbe wewe ni mtu wa mbio! Basi ni hii. Hiyo ingine achia wazee."

Marwa akaniuliza, "Umesikia, Mwita?"

"Nimesikia. Chini tutavumilia. Chini hata kusukuma tutasukuma."

Tukacheka wote watatu. Lile dume likabaki, sisi tukarudi na chuma kimefungwa kwenye kanga ya Bhoke.

Shomari akakifunga kwa uangalifu mkubwa, alama kwa alama, huku mkewe Mama Zuhura akituletea uji. Injini ikawaka. Lakini ikiwa imesimama tu bila kwenda ilikuwa inachechemea, inakohoa, inataka kuzima.

"Ngeni hii," Shomari akasema. "Itazoea."

Tukaijaribu barabara ya tambarare, Tarime kuelekea Sirari. Marwa alivuta mafuta, mwanzoni ikasita, halafu ghafla ikapiga kelele nikaona miti inarudi nyuma. Nilimkumbatia shemeji yangu kwa namna ambayo hadi leo hatuizungumzii. Aliposimama alikuwa anacheka waziwazi, bila kuangalia pembeni.

"Umeona? Tuko juu. Imeamka!"

Na mimi niliona.

Tukateremka nayo nyumbani. Kuteremka, wakuu, mlima haudai kitu. Kule bondeni Marwa aliiendesha polepole kwenye njia za mashamba, ikawa nzito, inakohoa. Hakuna aliyeshangaa. Chini inalala, si tuliambiwa.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi: "Kwa nini hamkuijaribu kupanda mlima?"

Petroli. Ilikuwa inapatikana kwa kibali, na kibali kwa kujuana. Marwa alikuwa na dumu moja chini ya kitanda na mwenyekiti mwenyewe aliomba kikombe akanyimwa. Dumu lile lilikuwa la siku moja tu.

Na kuna mwingine anaandika: "Kwa nini hamkumpeleka mapema akasubiri mjini?"

Ndio ulikuwa mpango. Mama Zuhura alishatandika godoro pale Bomani, akasema Bhoke aje akae hata mwezi mzima. Bhoke mwenyewe akasema sawa, ila kwanza amalize kuvuna wimbi lake. Hesabu ya nesi ilikuwa inampa muda.

"Nikienda juu na wimbi liko shambani, nani atalivuna? Mwali huyu?"

"Nitalivuna, dada."

"Utalivuna ukiwa umekaa kwenye kiti."

Mimba haikusubiri hesabu ya nesi.

Ilikuwa asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha. Alishikwa shambani, kisu cha kuvunia mkononi. Mkunga wetu wa pale, bibi mmoja aliyeitwa Ghati, akamlaza, akamshika tumbo pande zote, akatoka nje akamwambia Marwa maneno mafupi: "Mtoto amelala vibaya. Mpelekeni juu sasa hivi."

Marwa akamimina dumu lote kwenye tangi.

Yeye mbele, Bhoke katikati, mimi nyuma nimemshika dada yangu asianguke. Kabla hatujaondoka akageuza shingo, uso umejaa jasho.

"Mwali. Leo umetoka nje."

"Nimetoka, dada."

Tambarare ya kuelekea mlimani tuliikata vizuri. Nzito, lakini tulienda. Tulipofika mwanzo wa Shuka Wote nilishuka bila kuambiwa, nikaanza kusukuma kwa nyuma. Bhoke akamkumbatia mumewe kiunoni, mikono ameifunga mbele.

Kona ya kwanza tukapita.

Udongo ulikuwa mwekundu, umelainika, tairi linaruka kutoka shimo hadi shimo. Kila likiruka Bhoke alikuwa analia, si kwa sauti kubwa. Alikuwa anasema, "Taratibu, Marwa. Taratibu."

Na injini inazidi kukohoa. Inavuta kidogo, inasita. Inavuta, inasita.

"Bado," Marwa akasema kwa nguvu, sijui kama ananiambia mimi au Bhoke au pikipiki. "Hapa bado ni chini. Tukifika juu itaamka."

"Itaamka, dada," nikasema. Uso wangu ulikuwa chini, nimebana bega kwenye kiti, naona udongo na miguu yangu tu.

"Taratibu."

"Itaamka."

Kona nyingine. Ikasita, ikavuta, ikasita.

Ikazima.

Marwa akapiga kiki. Akapiga tena. Injini ya moto, imejaa mafuta, haikushika. Akapiga kiki mpaka mguu ukateleza, chuma kikamchana ugoko, damu ikaingia kwenye matope na hakuitazama. Tukajaribu kulisukuma na Bhoke juu yake, watu wawili tu. Magurudumu yakarudi nyuma.

Tukamshusha, tukamlaza kando ya barabara juu ya koti la Marwa. Mimi nikakimbia. Mimi, mtu wa kukaa ndani, niliupanda mlima ule mbio hadi kwenye nyumba za kwanza nikipiga kelele, nikarudi na wanaume na kitanda cha kamba. Walimpakia, wakawa wanapokezana.

Njiani Bhoke akamuuliza Marwa kama tumefika juu.

Marwa akamwambia bado kidogo.

Na ni kweli ilikuwa bado kidogo. Miti ya juu tulikuwa tunaiona. Alikata roho hapo, mtoto akiwa bado tumboni. Wale wanaume wakaendelea kutembea na kitanda kwa muda kabla mmoja wao hajasimama, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.

Samahani wakuu. Nilienda kunywa maji.

Baada ya mazishi tulirudi kuchukua pikipiki, ilikuwa imelala palepale kwenye kona. Marwa alitaka kuirudisha kwa Shomari, hataki kuiona. Tukaisukuma, watu kadhaa, hadi kileleni. Kufika huko kwenye tambarare akajaribu kiki, kwa mazoea tu nadhani. Ikawaka mara moja. Akapanda, akavuta mafuta kwa hasira.

Ikaruka kama mshale. Mlio wake uliwatoa watu majumbani.

Alienda mbali kidogo, akageuza, akarudi, akaizima. Akakaa chini barabarani.

"Imeamka," akasema. "Mwita, umeiona? Juu imeamka. Zilibaki kona mbili."

Tangu siku ile hiyo ndiyo ikawa habari ya maisha yake. Kona mbili. Alioa baadaye, akapata watoto, ana wajukuu. Lakini ukikaa naye kidogo, hata kwenye sherehe, hata kinywaji hajagusa, atafika tu hapo. Kwamba kama angelikaza tu zile kona mbili. Kwamba aliishia njiani. Kwamba mashine ilikuwa nzima na yeye ndiye aliyeshindwa kuifikisha. Wote tuliamini hivyo. Mimi pia niliamini, nikawa namwambia shemeji acha, ni Mungu.

Miaka ikapita mingi sana. Nikahamia Mwanza, nikaoa, nikastaafu, nikawa bingwa wa kukaa nyumbani rasmi.

Siku moja nimepelekwa gereji na mkwe wangu, yeye anarekebishiwa gari, mimi nimekaa kwenye tairi nauliza tunarudi saa ngapi. Pembeni kijana mmoja fundi anaeleza mwenzake habari za pikipiki kubwa la mteja.

"Wamemfunga camshaft ya mashindano. Juu ni moto, ila chini imekufa kabisa."

Nikageuka. "Juu wapi, mwanangu? Mlima gani?"

Wakacheka. Kwa adabu, lakini walicheka.

"Juu ya resi, mzee."

"Resi?"

Akashika mshikio wa lile pikipiki. Akavuta kidogo, injini ikakohoa. Kikohozi kile nilikijua. "Hapa ndio chini, injini inazunguka polepole. Haina nguvu, inazima hata kwa kilima kidogo." Halafu akakaza mkono, injini ikapanda ikapiga kelele. "Hapa ndio juu, inazunguka kwa kasi. Ukitaka ivute lazima umshikilie huku huku, usimlegezee. Ukilegeza tu, amekufa."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Wakuu, Odhiambo hakutudanganya hata neno moja. Alituambia kila kitu. Alikuwa anaongelea mkono wa kulia wa Marwa, ule wa kuvuta mafuta, na sisi tukasikia mlima wa Tarime. Ile ya kawaida, ile ya "achia wazee", ndiyo ingempandisha dada yangu polepole, ikivuta tangu chini, hadi hospitali.

Nilikaa na jambo hili muda mrefu. Mke wangu akasema liache, mzee wa watu anazeeka. Mimi nikawaza hivi: huyu mtu amebeba kona mbili maisha yake yote, na zile kona hazikuwa na maana yoyote. Mashine isingeamka kwa kufika kileleni. Nikimwambia, nitamtua mzigo.

Nikafunga safari. Mimi mwenyewe, bila kusukumwa. Ninyi hamwezi kuelewa uzito wa sentensi hiyo, lakini mke wangu anaelewa.

Nilimkuta Nyanungu kwake, mchana, anatazama ng'ombe wakinywa maji. Tukasalimiana, tukataniana kidogo, akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Nikamweleza. Gereji, kijana, resi, juu na chini. Nilimweleza vizuri, nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo zile kona mbili..."

"Hazikuwa kitu, shemeji. Hata tungefika kileleni isingeamka kwa ajili ya kilele. Juu hakukuwa mlimani. Kulikuwa hapo mkononi."

Nilipolitamka neno "mkononi" ndipo nikasikia nilichosema.

Marwa akainua mkono wake wa kulia, akautazama. Mkono wa mzee sasa, vidole havinyooki vizuri.

"Mkono huu?"

Akaukunja kama ameshika mshikio wa pikipiki.

"Uliniona nimelegeza?"

"Sikuona, shemeji. Nilikuwa nasukuma. Niliona udongo tu."

Na hiyo ndiyo kweli. Aliyekuwa anaona ni Bhoke.

Ng'ombe wakamaliza maji, wakasimama wanatusubiri.

"Alikuwa ananiambia taratibu," Marwa akasema. "Kila tukiruka, taratibu Marwa. Nikawa namsikiliza."

Akarudia kwa sauti ya chini, kwa Kikurya safari hii, kana kwamba mimi sipo. Kisha akaondoka na ng'ombe zake, na jioni tulikula pamoja tukaongea habari za mvua. Kona mbili hakuzitaja. Mwanawe ananiambia kwa simu kwamba tangu siku ile hajazitaja tena hata mara moja. Siku hizi ameanza kula kwa mkono wa kushoto.

Basi mkuu uliyeuliza habari ya camshaft, jibu langu ni hili. Usimwulize muuzaji kama kitu kina nguvu. Kila muuzaji atakwambia kina nguvu, na anaweza kuwa mkweli kabisa. Mwulize nguvu hiyo inakaa wapi, kisha umweleze wewe unakwenda wapi, umebeba nani, barabara ikoje. Akisema juu, mwulize juu ya nini. Acha akuone mjinga. Sisi watatu tulielewana haraka sana siku ile, tena kwa vicheko.

Mafundi wa humu, kama kuna mahali nimekosea habari za injini nisahihisheni, mimi nilisoma jiografia.

Lakini kwa wengine wote nina swali moja, na naomba majibu ya watu wazima, nitayasoma yote, sina pa kwenda. Ungekuwa wewe, ungemwachia Marwa kona zake mbili?